Nafsi Tatu Baharini: Mtalii, Mwenyeji na Mtumishi katika Maandishi Mawili juu ya Visiwa vya Karibi

Utangulizi

Kuna namna moja ya safari ambayo uhakiki wa Kiswahili haujaishughulikia, nayo ni safari ya anasa katika meli ya kitalii. Msafiri wa meli hii haendi popote kwa haja ya biashara, elimu, hija au vita. Yeye huzungushwa. Hupanda meli katika bandari moja, akapitishwa katika visiwa kadhaa vya nchi za joto, na baada ya siku saba hivi akateremshwa katika bandari ile ile aliyopandia. Bahari ya Karibi ndiyo makao makuu ya biashara hii, na bandari za Florida, nchini Marekani, ndizo mlango wake.

Safari hizi zimezaa maandishi mengi. Sehemu kubwa ni vijitabu vya matangazo, ambavyo wahakiki hawavihesabu kuwa ni fasihi. Hata hivyo, yako maandishi machache yaliyojibu vijitabu hivyo kwa ustadi wa hali ya juu. Makala haya yanakusudia kuchunguza mawili: kitabu cha Jamaica Kincaid kiitwacho A Small Place, kilichotolewa mwaka 1988, na insha ndefu ya David Foster Wallace iliyochapishwa kwanza katika jarida la Harper's mwezi wa Januari 1996, kisha ikaingizwa katika mkusanyo wa 1997 wenye jina la A Supposedly Fun Thing I'll Never Do Again, yaani jambo lisemwalo kuwa ni la kufurahisha ambalo sitalirudia tena.

Ni kweli kwamba mtalii wa Kincaid huingia kisiwani kwa ndege, hali yule wa Wallace huja kwa meli. Lakini macho yao ni mamoja na kijitabu walichokisoma kabla ya kuondoka kwao ni kimoja. Aidha, mmoja wa waandishi hawa anatazama kutoka sitahani na mwingine kutoka ufukoni, jambo ambalo linatuwezesha kulitazama suala lenyewe kwa pande zake mbili.

Swali letu ni la kisarufi kwanza, na la kijamii baadaye. Katika maandishi haya, nani husema "mimi", nani huambiwa "wewe", na nani husemwa tu kuwa "yeye"? Tunadai kwamba mgawanyo wa nafsi hizi tatu ndio kiini cha maandishi yote mawili. Tunadai vilevile kwamba Kiswahili, kwa sababu ya maumbile yake, humlazimisha mfasiri kuuona mgawanyo huo hata pale ambapo Kiingereza huuficha.

Nafsi ya kwanza: abiria anayejichunguza

Wallace (1962–2008) alitumwa na jarida la Harper's mwezi wa Machi 1995 apande meli iliyoitwa Zenith, yenye ukubwa wa tani 47,255, kwa safari ya siku saba. Zenith ni neno la wanafalaki, lenye maana ya sehemu ya mbingu iliyo juu kabisa ya kichwa cha mtazamaji. Katika insha yake Wallace aliibatiza meli hiyo Nadir, yaani sehemu iliyo kinyume chake, chini kabisa. Mzaha huu wa jina unatupa ufunguo wa insha nzima: kila kilichosifiwa kuwa kileleni kitachunguzwa kutoka chini.

Sehemu iliyo bora katika insha hii, kwa maoni yetu, ni ile ambamo mwandishi anakisoma kijitabu cha matangazo cha kampuni ya meli kama vile mhakiki anavyolisoma shairi. Anaonyesha kwamba lugha ya kijitabu haimwambii msomaji kwamba huenda atafurahi. Inamwambia kwamba atafurahi, na kwamba hatakuwa na uwezo wa kutofurahi. Hata kazi ya kuchagua furaha ameondolewa. Humo ndani ya kijitabu mlikuwamo pia insha ya mwandishi mashuhuri wa Marekani, Frank Conroy, aliyelipwa aisifu safari hiyo, bila ya msomaji kuelezwa wazi kwamba insha ile ni tangazo. Wallace anaikemea kwa hoja nzito: tangazo linalojivika vazi la sanaa ni sawa na tabasamu la mtu anayekuchekea kwa kuwa anataka kitu kwako. Kwa hiyo hata sanaa ya kweli na tabasamu la kweli hupoteza thamani, kwa maana msomaji hujifunza kutoliamini tabasamu lolote.

Hoja hii yatuhusu sote tulio katika kazi ya lugha. Inatukumbusha kwamba matumizi ya lugha katika biashara hayakomi katika biashara. Hurudi nyumbani yakaichafua lugha tunayoitumia kwa mambo mengine.

Hata hivyo, insha ya Wallace ina mpaka wake, na mpaka huo ni nafsi yake ya kwanza. "Mimi" wa Wallace ni mwerevu, mcheshi, mwenye haya na mwenye huzuni. Hujichungua bila huruma na husongamanisha tanbihi ndefu kana kwamba hawezi kunyamaza. Lakini huyo ndiye anayejaa jukwaa zima. Insha inahitimisha kwamba safari ya anasa humrudisha mtu mzima katika utoto, kwani hulisha ile sehemu yake ambayo kadiri inavyoshibishwa ndivyo inavyolia zaidi. Haya ni maarifa ya kweli. Lakini ni maarifa juu ya abiria. Visiwa vyenyewe havimo. Meli inapotia nanga Cozumel, kisiwa cha Meksiko, mwandishi anawatazama kutoka juu sana Wamarekani wenzake wakiteremka, naye anaona aibu kwa kuwa ni mmoja wao. Aibu hiyo ni ya kweli na imeelezwa kwa ustadi. Hata hivyo, tunaowaona kupitia kwayo ni Wamarekani tu. Mwenyeji aliye gatini hatumsikii.

Nafsi ya pili: mwenyeji anayesema

Sasa tuteremke ufukoni. Jamaica Kincaid alizaliwa mwaka 1949 katika mji wa St. John's, kisiwani Antigua, akapewa jina la Elaine Potter Richardson. Alipelekwa Marekani mwaka 1965 akiwa msichana wa miaka 16, kufanya kazi ya yaya. Aliporudi kukitazama kisiwa chake baada ya miaka mingi, Antigua ilikwisha kuwa nchi huru tangu 1981 na utalii ulikuwa ndio tegemeo lake kubwa.

Fani ya kitabu chake ni ya kustaajabisha kwa usahili wake. Kincaid hakuchukua umbo la riwaya wala la ripoti. Alilichukua umbo la kijitabu cha matangazo lenyewe. Kijitabu cha matangazo humwambia msomaji: utafika, utaona, utaoga, utakula. Kincaid naye anaanza papo hapo na kwa nafsi ile ile ya pili: ukija kama mtalii, haya ndiyo utakayoyaona. Kisha anaendelea pale ambapo kijitabu hunyamaza. Utafurahi kuona kwamba jua linawaka kila siku, wala hutafikiri maana ya ukame kwa watu waishio katika kisiwa kisicho na maji ya kutosha. Utapanda teksi mpya ya Kijapani, nawe utashangaa kwa nini injini yake inalia vibaya, kwa kuwa hujui kwamba inatiwa petroli isiyoifaa. Utaogelea katika maji ya samawati, nawe usingependa kuambiwa maji machafu ya choo yanaishia wapi katika nchi isiyo na mfumo mzuri wa kuyaondoa.

Kwa hiyo Kincaid amemnyang'anya muuzaji silaha yake. Nafsi ya pili, ambayo katika tangazo ni nafsi ya kubembelezwa, hapa inakuwa nafsi ya kushtakiwa, na kiambishi hakikubadilika hata kidogo. Hilo ndilo linalomchoma msomaji, kwani amezoea kuitwa hivyo kwa sauti ya upole, na upole wenyewe bado upo.

Yafaa tuongeze kwamba Kincaid hawasazi watu wake. Anaeleza jinsi maktaba ya St. John's ilivyoharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1974, na jinsi zaidi ya miaka kumi baadaye kibao kilivyokuwa kingali kinatangaza kwamba matengenezo yanasubiriwa. Anawashutumu viongozi wa Antigua kwa ufisadi. Wala hamfanyi mwenyeji kuwa malaika. Anasema kwamba kila mwenyeji wa mahali popote angependa kuwa mtalii, apumzike na uchovu wa maisha yake ya kila siku. Tofauti ni kwamba wenyeji wengi wa dunia ni maskini mno hata hawawezi kwenda popote, na ndiyo sababu wakimwona mtalii humwonea wivu. Hapa Kincaid anakata mzizi wa mambo. Mtalii na mwenyeji ni watu wa hali moja ya kibinadamu. Waliotengwa ni kwa nauli.

Tatizo la mfasiri: u- au m-?

Tuchukulie sasa kwamba mmoja wa wanafunzi wetu amepewa kazi ya kukifasiri kitabu hiki kwa Kiswahili. Neno la kwanza litakalomsimamisha ni dogo kuliko yote. Nafsi ya pili ya Kiingereza haitofautishi umoja na wingi. Kiswahili hutofautisha katika kila kitenzi. Je, aandike "utaona" au "mtaona"?

Mtu anaweza kudhani kwamba hili ni jambo la kuamuliwa mara moja mwanzoni, kisha likasahauliwa. Sivyo. Katika sehemu ya kwanza ya kitabu, anayesemeshwa ni mtu mmoja aliyeshuka kutoka katika ndege, akapita forodhani, akaingia teksini, akafika hotelini na kuchungulia dirishani. Hapana shaka kwamba hapa u- ndiyo inayofaa. Lakini katika sehemu ya pili, Kincaid anapoikumbuka Antigua ya utoto wake chini ya utawala wa Waingereza, nafsi ile ile inapanuka. Sasa anayesemeshwa ni yule aliyewanunua na kuwauza babu zake, na aliyewafunza kumsifu. Anapoeleza kwamba watu wa asili yake hawawezi kuwa mabepari kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa mtaji, hamwambii tena yule mgeni mmoja aliyevaa kaptura. "Ulitununua" na "mlitununua" ni mashtaka mawili tofauti. La kwanza laweza kukanushwa na kila msomaji kwa kuonyesha tarehe yake ya kuzaliwa. La pili halikanushiki hivyo, kwani ni la historia.

Wako wahakiki wanaomlaumu Kincaid kwamba anawajumlisha watu, na kwamba si kila mtalii ni mbaya. Kwa maoni yetu, lawama hii inatokana kwa sehemu na Kiingereza, ambacho kinaruhusu u- na m- zichanganyike katika neno moja. Msomaji husikia shtaka la wingi akadhani ni la umoja, akakasirika. Tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa kwa makini ingeutenga utata huo. Lakini ingepoteza kitu pia, kwani mchanganyiko huo ni sehemu ya sanaa yenyewe: mtalii mmoja anashtuka ghafla kuona kwamba amesimama katika safu ndefu ya watu waliomtangulia. Mfasiri itampasa atafute mahali pa kuvukia kutoka u- kwenda m-, na uchaguzi wa mahali hapo utakuwa ndio uhakiki wake.

Kuna na jambo la adabu. Katika Kiingereza kiwakilishi hakiepukiki, lazima kitajwe. Katika Kiswahili kiambishi chatosha, na "wewe" likitajwa peke yake huwa na mkazo. Katika pwani yetu, kumwambia mtu mzima usiyemjua "wewe" bila ya kutanguliza "bwana", "mama" au "mzee" ni karibu na tusi. Mfasiri akiandika "wewe" kila mara, atakigeuza kitabu kuwa ugomvi wa sokoni, na ule upole wenye sumu wa Kincaid utatoweka. Afadhali aviache viambishi vifanye kazi yake kimya kimya, na neno "wewe" alitunze kwa pigo moja au mawili. Hii ni akiba ambayo Kincaid mwenyewe, kwa kuandika Kiingereza, hakuwa nayo.

Hapo, huko na humo

Jina la kitabu nalo lina somo lake. Tukilifasiri "Mahali Padogo", ngeli ya mahali inatupa zaidi ya tulichoomba. Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali: pa- kwa mahali mahususi, ku- kwa mahali pasipo mpaka dhahiri, na mu- kwa ndani. Tunaweza kuyapanga maandishi juu ya visiwa vya Karibi kwa viambishi hivi.

Kijitabu cha matangazo kinauza "huko": mnazi, mchanga, maji ya samawati, popote pale. Derek Walcott wa St. Lucia, katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alilisema jambo hili kwa uchungu. Alieleza kwamba vijitabu vya utalii hurudia taswira zile zile za utumishi hata kisiwa kimoja kisipambanuke na kingine, na kwamba visiwa hujiuza hivyo kwa aibu ya mahitaji yao.

Kampuni za meli zimekwenda mbele ya vijitabu. Mwaka 1998 Disney ilianza kupeleka abiria wake katika kisiwa cha Bahama kilichojulikana kama Gorda Cay. Kwa ajili yao kiliitwa Castaway Cay, kana kwamba hakikuwa na jina. Tangu 1986 kampuni ya Royal Caribbean ilikodi rasi moja kaskazini mwa Haiti, ikaizungushia ua, na jina la kijiji cha Labadie likaandikwa upya kuwa Labadee. Tetemeko lilipoibomoa Port-au-Prince tarehe 12 Januari 2010, meli ya anasa ilitia nanga Labadee siku tatu tu baadaye. Wengine walilaani. Wengine walitetea kwamba meli ilileta misaada, na kwamba watu wa huko walihitaji kazi kuliko siku zote. Hatukusudii kuamua kesi hiyo hapa. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba mjadala wenyewe uliwezekana kwa sababu abiria wengi walikuwa wameuziwa "huko", na ghafla "huko" kukawa "hapo": nchi yenye jina, ambamo watu walikuwa wakifukuliwa chini ya vifusi.

Kincaid anashikilia pa-. Barabara, maktaba, hospitali, duka, kila kimoja kina mahali pake na historia yake. Wallace kwa upande wake anaandika "humo": humo melini, humo chumbani, humo ndani ya nafsi yake. Ni mabingwa wote wawili, kila mmoja wa kiambishi chake. Lakini kati ya "hapo" na "humo" kuna ngazi ya meli, na katika ngazi hiyo amesimama mtu wa tatu ambaye hakuandika lolote.

Nafsi ya tatu: mgeni asiyepewa jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutajwa mara nyingi kama utani dhidi ya wageni wavivu, lakini ina hekima iliyo pana zaidi. Jembe halikutolewa kwa ubahili tu. Mgeni aliyepewa jembe ameacha kuwa mgeni. Anakula alichokilima, anajua udongo wa mahali, na anaweza kusema "sisi" pamoja na wenyeji wake. Kwa hiyo jembe ndilo daraja kutoka nafsi ya pili hadi nafsi ya kwanza wingi.

Meli ya anasa imeiua methali hii kwa njia mbili. Bandarini abiria hukaa saa chache tu, hivyo siku ya tatu haifiki kamwe. Melini hukaa siku saba, lakini jembe limepigwa marufuku. Wallace anasimulia kisa kimoja ambacho sisi tunakiona kuwa ndicho kitovu cha insha yake, ijapokuwa hakukipa nafasi ya kitovu. Siku ya kwanza alitaka mzigo wake, akauchukua mwenyewe kutoka mikononi mwa hamali mmoja wa Kilebanoni aliyekuwa akijaribu kumzuia. Yeye alidhani kuwa ni adabu tu. Kumbe alikuwa amemtia hamali yule baina ya sheria mbili zisizopatana: abiria hakosei, na abiria asibebe mzigo wake. Hamali alikaripiwa vikali na mkubwa wake, kisha afisa wa Kigiriki akaja chumbani kumwomba radhi mwandishi kwa kosa ambalo yeye mwandishi ndiye aliyelitenda.

Tazama jinsi mambo yalivyopinduliwa. Katika methali, mgeni ashikaye jembe humpunguzia mwenyeji mzigo. Melini, mgeni ashikaye mzigo wake humhatarishia mtumishi riziki. Wema wa mtu mmoja mmoja hauna njia. Wallace anaona hivyo, na anaaibika. Lakini kisa kinapokwisha, tunachokijua ni aibu ya Wallace. Hamali hatujui alilala vipi usiku ule, wala alimwandikia nini mkewe.

Huyo ndiye nafsi ya tatu. Kincaid ameipata nafsi ya kwanza kwa ajili ya mwenyeji, Wallace ameitumia kwa ajili ya abiria. Mtumishi wa melini, ambaye si mwenyeji wa kisiwa wala si abiria, na ambaye mara nyingi ametoka Ufilipino, Indonesia au India kwenda kutumikia chini ya bendera ya Bahama au Panama, anabaki "yeye". Vijana kutoka Kenya nao wamekuwa wakiajiriwa katika meli za namna hii. Kwa hiyo suala hili limekwisha kufika katika madarasa yetu.

Wala si jambo geni katika fasihi ya Kiswahili kwamba mtumishi asimulie safari. Katika mkusanyo wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliochapishwa Ujerumani mwaka 1901, yumo Selim bin Abakari, mtumishi aliyefuatana na bwana wake Mjerumani, Bumiller, hadi Urusi na Siberia katika miaka ya 1890. Ni kweli kwamba masimulizi hayo yalikusanywa na mkoloni kwa haja zake. Lakini sarufi yake ni ya mtu huru: anayetazama ni Selim, na wanaotazamwa ni watu wa Ulaya, mavazi yao, vyakula vyao na baridi yao. Yale ambayo insha ya Wallace haikuweza kutupa, Kiswahili kilikuwa nayo karibu miaka mia moja kabla yake.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba maandishi haya mawili yanapambana na kijitabu kimoja cha matangazo, kila moja kwa nafsi yake. Kwa maoni yetu kitabu cha Kincaid ndicho kikubwa zaidi, kwa kuwa kimeithubutu nafsi ya pili, na aithubutuye nafsi ya pili hulazimika kujibiwa. Insha ya Wallace ina uchambuzi wa lugha ulio mkali kuliko wa Kincaid, nayo yastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa mitindo ya lugha.

Lakini tusiishie Karibi. Meli za kitalii hutia nanga Kilindini pia, na kijitabu cha matangazo kimekwisha kuigusa lugha yetu wenyewe. Mswahili akikutana na mwenziwe husema "hujambo", naye hujibiwa "sijambo". Wakiwa wengi, "hamjambo" na "hatujambo". Kila umbo lina nafsi yake: kuna aulizaye, kuna aulizwaye, na kuna haki ya kujibu. Neno afundishwalo mtalii ni "jambo". Si wimbo wa Them Mushrooms, Jambo Bwana, wa mwaka 1982, ulioanzisha mtindo huo, kwani ni wa zamani zaidi, ila wimbo huo uliueneza ulimwenguni kote. Tukilichunguza neno hilo kisarufi, tunaona kilichokatwa: ni kiambishi cha nafsi. Limebaki shina peke yake, halimuulizi mtu na halidai jibu. Ni salamu ya "huko".

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili kwa idara zetu. La kwanza, kitabu cha Kincaid kiingizwe katika mafunzo ya tafsiri, kwa kuwa kinafundisha sarufi ya nafsi na siasa yake kwa pamoja. La pili, wanafunzi watumwe bandarini na mahotelini wakusanye masimulizi ya vijana waliotumikia katika meli hizi, kwa Kiswahili chao wenyewe, kama Selim alivyosimulia. Vijana wale wamezunguka visiwa vingi kuliko Wallace, na wameona abiria wengi kuliko abiria walivyoviona visiwa. Waulizwe "hujambo" kwa ukamilifu wake, kisha tuketi kuwasikiliza.